Mti wenye tunda kubwa la kahawia shambani Amani, majani yanakaa mawili mawili: ni mti gani huu?

mlima_iliki

Wakuu salaam. Naomba mnisaidie kuutambua mti, tena ni miti miwili, maana kila ninayemuuliza ana jina lake na fundi wa chensoo anapiga simu kila siku anataka jibu.

Shamba ni la mama, liko juu huko Amani wilaya ya Muheza, Usambara ya Mashariki, upande wa Kwamkoro ukishuka kidogo bondeni. Zamani lilikuwa la iliki, sasa hivi iliki zimebaki za hapa na pale ila ile miti mikubwa ambayo wazee waliiacha kwa ajili ya kivuli bado ipo. Mi nimekulia Dar kwa hiyo miti ya huko siijui kabisa.

Nilichokiona ni hiki. Mti wa kwanza ni mrefu sana, shina limenyooka, gome jeusijeusi linabanduka vipande. Majani yamekaa mawili mawili yanatazamana kwenye kijiti, ni magumu, kijani kizito, upande wa juu yanang'aa, ukingo hauna meno na ncha imechongoka. Jani moja nililipima kwa rula likaja kama sentimita 14 kwa 5. Halafu kuna tunda, aisee. Tunda ni la kahawia, refu, limening'inia kwenye kikonyo chini ya tawi, siyo kwenye shina, na moja lililoanguka lenyewe nimelipima ni sentimita 27. Uzito sijapima ila ukilibeba kwa mkono mmoja kutoka bondeni mpaka nyumbani unahamisha mkono njiani. Nimelipasua kwa panga, kwenye ganda ukatoka utomvu wa njano unanata hatari, mpaka leo panga lina madoa, na ndani kuna mbegu nyingi kubwakubwa zimejipanga zimezungukwa na kitu cha utelezi. Kuonja sijaonja, naogopa.

Mti wa pili uko jirani tu na huo. Majani yale yale, gome lile lile, ila tunda hakuna hata moja na majirani wanasema hawajawahi kuuona ukizaa tangu wapo. Fundi anasema huo wa pili ni mti mwingine kabisa hauna faida yoyote, tuuangushe tupate mbao. Apu ya simu nikiipa picha ya jani inasema mwembe, nikiipa picha nyingine ya jani hilo hilo inasema mfenesi.

Picha nimeshindwa kuaplodi network ya huku ni shida, nikirudi Muheza mjini nitaweka.

Fundi Msumeno

Musizi huo mkuu. Amani imejaa musizi kila kona. Unakua haraka, kata utaota mwingine.

Mwana wa Bukoba

@Fundi Msumeno musizi ni mti wa kwetu, Kagera na Uganda, huko Usambara uliletwa tu na kupandwa ukaingia msituni wenyewe, kwa hiyo naujua tangu mdogo na huo sio. Jani la musizi lina meno butu pembeni, lipapase tu kwa kidole utayasikia. Na tunda lake ni dogo, kokwa moja ndani, linaanza kijani linaenda njano mpaka zambarau nyeusi, hondohondo anameza zima zima anaenda kulitoa mbali huko ndo maana mti umesambaa mpaka wahifadhi wa Amani wanaulalamikia. Sentimita 27 hondohondo gani atameza.

Mpwani Halisi

Mi nilivyosoma jani gumu linang'aa na linatazamana nikajua mtondoo, huku kwetu Tanga ufukweni ipo mingi tu. Ila tunda ndo linanichanganya maana tondoo ni mviringo na dogo, watoto wanachezea.

MajaniTu

Mkuu mlima_iliki umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoleta picha ya jani moja limekunjwa mkononi halafu wanataka jina. Hata bila picha tunaweza kufika. Twende taratibu.

Majani kwanza, ila achana na sura ya jani. Jani la kijani kizito, refu, halina meno, lina ncha, linang'aa: msitu mzima wa Amani umejaa majani hayo, mvua ya huko ni nyingi na miti ya koo tofauti kabisa imeishia kuwa na jani linalofanana, ndo maana apu yako inatangatanga. Cha kuangalia ni limekaaje kwenye kijiti. Mwembe majani yanapishana na yanasongamana kwenye ncha za matawi. Mfenesi yanapishana pia, na utomvu wake ni mweupe. Ya kwako yanatazamana, basi hao wawili wametoka, na wametoka pia mtambara na mfimbo ambao ndo miti mikubwa ya msitu wa huko watu wanaichanganya sana. Kama matawi yako juu mno tafuta kijiti kilichoanguka chini, hata kiwe kikavu hakina jani hata moja, yale makovu ya vikonyo yanabaki mawili mawili yametazamana, hayo hayafutiki.

Pili utomvu. Hii watu wanairuka na ndo inayookoa muda. Mtambara ukiuchanja unatoa utomvu mwekundu, ni ndugu wa kungumanga yule. Mzambarau mwitu una majani yanayotazamana kama ya kwako, ila hauna utomvu wa njano, na jani lake ukilinyanyua kwenye jua utaona vidoti vidogo vinapitisha mwanga. Ukoo wa kahawa nao una miti mingi ya porini yenye majani yanayotazamana, lakini hiyo kati ya kikonyo na kikonyo inakuwa na kipande kidogo sana kama jani kimekumbatia kijiti, ukitaka kukiona nenda kwenye mbuni wowote angalia kwenye kifundo. Sasa majani yanatazamana, hicho kipande hukukitaja, na ganda linatoa utomvu wa njano unaonata: hapo tumebaki kwenye ukoo wa Clusiaceae, ule wa kina Garcinia.

@Mpwani Halisi hujaenda mbali sana, mtondoo zamani ulikuwa unawekwa kwenye ukoo huo huo. Ila mtondoo ukiangalia jani lake kwa karibu utakuta mishipa myembamba sana imebanana sambamba kutoka kwenye uti wa jani mpaka ukingoni, kila jani, hakuna mwingine wa kuchanganya nao. Na ni mti wa ufukweni, hauwezi kuukuta bondeni Amani kwenye iliki labda mtu awe ameupanda.

Tatu tunda, na hapa ubishi umekwisha. Garcinia za porini matunda yake ni madogo, unalifumbata kiganjani. Kwenye misitu ya Usambara hakuna mti mwingine wa ukoo huo wenye tunda la kahawia la kufika sentimita 27, na kwa taarifa yako hilo lako siyo kubwa kuliko yote, yapo yanayopita sentimita 30 na kilo kadhaa. Mbegu kubwa zilizojipanga kwenye utelezi, sawa. Kuning'inia kwenye kikonyo na siyo kubandikana kwenye shina kama fenesi, sawa.

Huo ni MSAMBU. Kitaalamu Allanblackia stuhlmannii. Hilo jina la pili limetokana na Franz Stuhlmann, Mjerumani wa enzi za ukoloni aliyehusika na kuanzishwa kwa kituo cha utafiti cha Amani 1902. Mti wenyewe duniani upo Tanzania tu, kwenye hii milima yetu ya Tao la Mashariki. Ghana, Nigeria, Kameruni, Kongo na Uganda wana ndugu zake ila siyo huu.

Sasa huo mti wa pili usiukate kwanza. Nina wazo langu ila nataka kitu kimoja toka kwako: nenda chini yake utafute maua yaliyoanguka, yaokote, uyapasue katikati uniambie umeona nini. Na ufanye hivyo hivyo chini ya ule unaozaa.

Babu wa Bulwa

Msambu huo. Nilivyosoma tu tunda la kahawia la kupima kwa rula nikacheka, maana huku mtoto wa darasa la pili anaujua.

Wazazi wetu walikuwa wanakamua mafuta yake kabla ya mafuta ya dukani kuja. Mbegu unakausha, unabangua, unatwanga kwenye kinu, unga wake unachemsha na maji kwa moto wa taratibu mpaka mafuta yapande juu, unaengua kwa upawa unaweka kwenye sufuria nyingine unachemsha tena maji yaishe. Yakipoa yanaganda meupe. Kwa baridi la huku asubuhi mafuta unayakata kwa kisu. Tulipikia, tulichulia viungo vya wazee, wengine walitengenezea sabuni.

Tunda halichumwi mjukuu wangu. Usije ukapandisha kijana juu akavunjika. Linaanguka lenyewe likikomaa, huku kwetu tunaokota sana kuanzia Novemba mpaka Machi hivi, kabla masika hayajakolea. Ukiokota usihangaike na panga, utajiharibia panga kama ulivyojiharibia, unalirundika na mengine chini ya kivuli unafunika na majani, likioza ganda linalainika mbegu unazitoa kwa kukanda na mikono. Ila usikawie maana buku, yule panya mkubwa wa porini, atakuwahi.

dada_wa_Korogwe

Babu shikamoo. Bibi yangu naye alikuwa hivyo hivyo, rundo nyuma ya jiko limefunikwa na majani ya mgomba, na tulikatazwa kulisogelea.

Ila mkuu mlima_iliki hujaambiwa jambo la hela hapo. Mbegu za msambu zinauzwa. Miaka ya 2000 kampuni ya Unilever na ICRAF (kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto) na wengine waliingia kwenye mradi unaitwa Novella, wakawa wananunua mbegu za huko Muheza vijijini kwa sababu mafuta yake ni zaidi ya nusu ya kiini cha mbegu na yanaganda yenyewe kwenye joto la kawaida, kwa hiyo wanaotengeneza majarini hawahitaji kuyagandisha kwa kemikali. Umoja wa Ulaya waliruhusu yatumike kwenye vyakula vya kupaka kama majarini 2008. Bei mimi sitaji maana inapanda na kushuka na mnunuzi mwaka huu yupo mwaka mwingine hayupo, uliza pale kijijini nani ananunua msimu huu. Hela ya kujengea nyumba si hiyo, ila mti hauombi mbolea wala dawa, wewe kazi yako kuinama na kuokota.

mlima_iliki

Babu shikamoo, asante sana, na wewe dada asante. MajaniTu mkuu nimefanya ulivyosema, nimeenda na binamu yangu asubuhi.

Chini ya mti usiozaa maua ni mengi mno, yameanguka mazima mazima, mpaka ukikanyaga unateleza. Petali 5, nene kama za kuvunjika, rangi ya krimu nyingine zimepigwa wekundu kidogo. Nimepasua kama ulivyosema, ndani kuna vinyuzi vingi vimeshikana kwenye mafungu, nimehesabu mafungu 5, kila fungu limekaa mbele ya petali yake. Katikati hakuna kitu cha maana.

Chini ya mti unaozaa maua yalikuwa machache sana, petali zimetawanyika moja moja. Binamu yangu kapanda kwenye mwamba pale pembeni akavuta tawi la chini kwa kingoe, tukapata ua moja, hilo katikati lina kitufe cha kijani kigumu na juu yake kimefunikwa na kitu bapa. Vile vinyuzi havipo, labda vichache vimenyauka pembeni. Nimekaa nimeyaweka mawili pamoja kwenye jiwe, kwa nje yanafanana kabisa usipopasua.

MajaniTu

Safi sana, umefanya kazi ambayo wengine wanalipwa kuifanya.

Miti yako yote miwili ni msambu. Unaozaa ni jike, usiozaa ni dume. Msambu ni kama mpapai, dume peke yake na jike peke yake, kila mmoja kwenye shina lake. Yale mafungu 5 ya vinyuzi ndo yanabeba chavua, na ua la dume likishamaliza kazi linadondoka zima, hakuna cha kubaki juu, kwa hiyo chini ya dume unakuta zulia la maua. Kile kitufe cha kijani ndo tunda lenyewe likiwa changa, na hicho kitu bapa juu yake ndo kinapokea chavua. Jike linaangusha petali tu, kitufe kinabaki tawini kinaanza kunenepa.

Kwa hiyo alama ya haraka ya kutofautisha ukiwa chini na huna kingoe: maua mazima mengi chini na hakuna ganda la tunda la zamani wala mbegu, dume. Petali moja moja na mabaki ya maganda yaliyooza, jike. Majani usiyaulize, hayana jibu la swali hili, dume na jike wana jani lile lile na gome lile lile. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia, anatambua mti kwa tunda, akiukosa tunda anasema ni mti mwingine.

Sasa ukiangusha hilo dume, jike lako litategemea chavua ya dume lingine ambalo hujui liko umbali gani. Kama jirani zako nao walishaondoa "wasiozaa" wao kwa ushauri wa fundi huyo huyo, utakaa na mti mkubwa unaotoa maua kila mwaka na tunda hutaliona.

Fundi Msumeno

Mnaongea kama mti ni mmoja tu Usambara nzima. Madume yamejaa huko hifadhini, wadudu wanaruka, sioni shida ya mmoja kuondoka. Na mtu ana haki na mti wa shamba lake.

MajaniTu

@Fundi Msumeno hoja yako ina ukweli kwa mtu ambaye shamba limepakana na msitu mzito. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ipo tangu 1997 na misambu imo ndani mingi. Ila yeye kasema yuko bondeni kwenye mashamba, na katikati ya mashamba ya chai na mihogo huwezi kuhesabia madume ya hifadhini. Halafu mbao yenyewe ya msambu unaijua wewe kuliko mimi, siyo mvule wala mkangazi, ni ya masanduku na kenchi. Nitajie bei yake ya ubao mmoja hapa watu waone.

Na kuhusu haki, mti wa asili hata ukiwa shambani kwako usiwashe chensoo kabla hujapita ofisi ya misitu ya wilaya kuuliza kibali. Mbao ikikamatwa njiani haina karatasi hasara ni ya mwenye mbao, fundi ameshachukua chake.

Fundi Msumeno

Sawa wataalamu. Simu yangu anayo akibadili mawazo.

Mluguru Mtupu

Samahani naingilia. Huku Uluguru tuna mti tunaita mkani, tunda kubwa la kahawia hivyo hivyo, mbegu tunakamua mafuta. Ni huo huo au?

MajaniTu

Ndo huo au ndugu yake wa karibu sana. Allanblackia stuhlmannii ipo Uluguru pia, ila milima yenu ina na nyingine, Allanblackia ulugurensis, imepewa jina la mlima wenu kabisa. Kwa tunda peke yake sikushauri ukate shauri, yote yana tunda kubwa la kahawia na mbegu za mafuta. Chukua kijiti chenye majani na ua, likiwezekana la dume na la jike, bana katikati ya magazeti uweke kitu kizito juu, badilisha magazeti kila siku mpaka yakauke yasiote ukungu, andika ulipookota na urefu kutoka usawa wa bahari kama simu yako inaonyesha. Halafu peleka kwa watu wa mimea, herbaria (sehemu inayotunza mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo. Usipeleke tunda, litaozea kwenye basi na utomvu ule konda hatakusamehe.

Mwana wa Bukoba

Hiyo ya kubana kwenye gazeti ndo elimu. Watu wanatuma picha ya jani juu ya meza halijulikani lilikuwa limekaaje. Angalau piga picha ya kijiti kizima, upande wa juu wa jani na wa chini, pale jani linapokutana na kijiti, ua limepasuliwa, tunda limepasuliwa na kitu cha kupimia pembeni hata kalamu. Na gome likichanjwa kidogo. Kidogo jamani, siyo kuubandua mti.

mlima_iliki

Wakuu mmenisaidia sana. Dume halikatwi, mama nimemweleza kacheka sana, anasema marehemu baba alikuwa anakataa usiguswe na hakuna aliyekuwa anajua kwa nini.

Swali la mwisho kwa Babu. Nataka nipande mingine pale palipobaki wazi, iliki zilipokufa. Nimechukua mbegu za lile tunda nililopasua nimezifukia kwenye viriba namwagilia kila siku, wiki zinakwenda hakuna kitu. Nimezikosea au mbegu ni mbovu?

Babu wa Bulwa

Mbegu si mbovu, haraka ndo mbovu. Msambu hauoti kama mahindi. Miezi 6 ni kawaida, mwaka na zaidi pia ni kawaida. Watu wengi wanafukua kuangalia, wanakata tamaa wanamwaga kiriba, kumbe ilikuwa imeanza kutoa mzizi. Kumwagilia kila siku utazioza, udongo uwe na unyevu tu, weka kivulini na ufunike vizuri na waya au miba maana panya wakishajua zilipo hawaachi hata moja.

Njia yetu sisi wazee ni nyingine. Zunguka chini ya jike, na usiishie chini yake, nenda mpaka kwenye magogo na mashimo ya pembeni. Buku anabeba mbegu anazifukia akiba halafu nyingine anazisahau, hizo ndo zinaota vizuri. Utaiona miche imejitokeza miwili mitatu pamoja, majani yake tayari yanatazamana na yanang'aa, ukivunja kipande kidogo cha jani uone kama kinanata. Subiri mvua, ng'oa na donge la udongo lake usiguse mzizi, hamishia unapotaka chini ya kivuli cha migomba.

MajaniTu

Naongezea hapo kwa Babu. Mche wa mbegu hauwezi kuujua dume au jike mpaka utoe maua, na toka mbegu mpaka tunda ni miaka 10 na kitu, kwa hiyo usipande mmoja ukakaa kuungoja. Panda kadhaa. Ukitaka uhakika, watafiti wa ICRAF walishafanyia kazi kubebesha msambu: unachukua kijiti toka kwenye jike unalolijua, kama hilo lako, unabebesha kwenye mche mdogo, na unazaa mapema kuliko wa mbegu. Kwenye vijiji vya huko kuna watu walifundishwa, mwombe mwenyekiti wa kijiji akuonyeshe mmoja. Ukibebesha yote kwa jike bado yule dume wako anahitajika.

mlima_iliki

Nimeelewa. Viriba naviacha vilivyo.

Babu wa Bulwa

Viache. Andika tarehe kwenye kila kimoja, na zile mbegu nyingine zilizobaki usitupe, mpe mama akamue.